Kwa Nini Paka Haondoshwi Kaburini

Tulieni kwanza. Mwenye njugu kinywani amalize kutafuna, na aliye na haraka atangulie, maana haya hayasemwi kwa kukimbizana. Kila mwaka tukija kuzuru wazee wetu hapa Kingwele mnaniuliza swali lile lile: mbona makaburi ya zamani yamejaa paka? Mbona huyu amejilaza juu ya jiwe la kichwani, yule amejinyoosha ukutani penye jua, na ukiwaambia "shii" wanakutazama kana kwamba ni wewe uliyepotea njia? Leo nitawaambia. Nimefuga paka miaka hamsini na miwili, kwa hiyo msitarajie niwaseme vibaya. Mwenye hadithi ya mbwa ataisimulia siku yake.

Zamani, paka hakujua njia ya makaburini. Alikuwa wa nyumbani kabisa. Alilala jikoni karibu na mafiga, akaamka akajipangusa uso, akatoka hadi barazani, akarudi. Panya walikuwa wake, vichwa vya samaki vilikuwa vyake, na mkeka ukitandikwa kwa ajili ya mgeni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuukalia. Nje ya mji hakuwa na shughuli yoyote.

Na watu wenyewe hawakwenda makaburini. Mtu akifa walimzika kwa heshima zote, wakamsomea, arubaini ikatimia, sadaka ikaliwa, kisha wote wakageuza visogo. Makaburi yalikuwa mazuri, msidhani. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa, yakapakwa chokaa nyeupe, na kila moja lilikuwa na kibaraza chake kifupi na bakuli la kauri lililopachikwa juu yake, kwa sababu watu wa Kingwele waliona si adabu kumpeleka mtu nyumba mpya bila chombo. Lakini wakishajenga waliogopa. Majani yaliota, nyoka wakaingia, chokaa ikawa nyeusi. Mtu akionekana anakwenda huko mara kwa mara, wenzake walianza kunong'ona kwamba ana lake jambo.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima muijue desturi moja ya watu hao, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Huko Kingwele, aliyeketi haondoshwi. Mtu akishaketi barazani pako na ukamwandalia chakula, huyo ni mgeni, na mgeni hanyanyuliwi. Hufagii miguuni pake. Humwambii "sogea". Huchukui hata kigoda kilicho karibu naye mpaka yeye mwenyewe aombe ruhusa ya kwenda. Inasemekana palikuwa na msafiri mmoja aliyekaa kwenye baraza la watu siku kumi na moja, na nyumba hiyo ilikuwa na harusi. Bibi harusi alitolewa kwa mlango wa jikoni, na nguo zake zote na marashi yake yote, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia yule msafiri akunje miguu. Miji mingine iliwacheka kwa hilo. Wao walijivunia.

Katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Mwanamize, mkaanga samaki. Mumewe alikufa mapema, na alikuwa na binti mmoja tu, Saumu, aliyezaliwa mwezi wa mfungo. Saumu alikuwa mtoto mchangamfu, ila hakupenda kulala peke yake. Ilibidi ashike kidole cha mama yake ndipo apate usingizi. Homa ilimchukua akiwa na miaka saba. Mwanamize alimwendea Fundi Shebwana, mwashi na mchimba makaburi wa mji, akamwomba amjengee mwanawe kaburi. Mawe manane yalitosha. Juu yake, upande wa kichwa, Shebwana alipachika bakuli lenye maua ya buluu ambalo mtoto alikuwa akinywea uji, likielekea juu kama lilivyokuwa mezani. Halikuwa bakuli la maana, lilikuwa na ufa pembeni, lakini nyumbani hapakuwa na jingine.

Huyo Mwanamize ndiye mtu pekee wa Kingwele aliyekuwa akienda makaburini. Alikwenda kila Alhamisi alasiri, akang'oa majani, akafuta bakuli kwa ncha ya shuka yake, akakaa kidogo, akarudi. Waliosema walisema. Yeye alikuwa amemwahidi mwanawe kwamba hatamwacha peke yake, na mtu mwenye ahadi ya namna hiyo hana nafasi ya kusikiliza maneno ya mtaani. Miaka ishirini na mitatu ilipita hivyo, mpaka nyonga zikaanza kumuuma.

Nyumbani alibaki na paka mmoja wa rangi ya majivu aliyeitwa Sitaki, kwa sababu hakuwahi kula kitu kilichotupwa chini. Samaki alitaka awekewe kwenye chombo, na chombo kiwe kisafi. Mnacheka? Ninaye mmoja nyumbani hivi sasa mwenye tabia hiyo hiyo, na namheshimu kuliko majirani wawili ninaoweza kuwataja.

Basi mwaka huo Jumbe Makame, mtawala wa mji, alikuwa anamwoza binti yake kwa watu wakubwa wa mji mwingine, akataka nyumba yake iongezwe ghorofa ya tatu kabla wakwe hawajafika. Ghorofa inataka chokaa, chokaa inataka mawe ya kuchoma, na kuyatoa mawe baharini na kuyakausha ni kazi ya miezi mingi. Ndipo mtu mmoja mwenye ulimi mwepesi akamnong'oneza kwamba kule makaburini kuna mawe makavu, tena mengi, na hayana mwenyewe. Jumbe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na mtu wa namna hiyo ukimpa sababu nusu ataikamilisha mwenyewe. Alifikiri siku moja, kisha akamwita mpiga mbiu.

La mgambo likilia lina jambo. Mpiga mbiu alizunguka mitaa yote akitangaza: "Asiyekuwapo na lake halipo! Kwa siku saba kuanzia kesho, kaburi litakalokutwa na mtu wa damu yake ameketi hapo, litaachwa. Lisilo na mtu ni mawe, na mawe ni ya Jumbe! Waliozikwa hawataguswa. Ni mawe ya juu tu!"

Kesho yake mngeona ajabu. Watu waliokuwa wakiogopa hata kupita karibu walijazana makaburini kama siku ya Idi. Wengine hawakujua babu zao wamelala wapi, wakagombana wawili wawili juu ya kaburi moja. Familia kubwa ziligawana zamu. Mwanamize hakuwa na wa kugawana naye. Alitandika shuka yake juu ya yale mawe manane, akaketi tangu jua kuchomoza hadi kuzama, peke yake, na kipande cha samaki kwenye kikapu.

Sitaki alimfuata kwa ajili ya kile kipande cha samaki. Hiyo ndiyo siku ya kwanza paka kukanyaga makaburini, na laiti ningekuwapo nimwone alivyoingia. Hakunyata wala hakushtuka. Alipita katikati ya watu na mawe yao, akanusa huku na huku, akakataa mahali pa kwanza, akakataa pa pili, kisha akaruka juu ya kaburi la Saumu, akazunguka mara moja, akakunja miguu ya mbele chini ya kifua, akatulia. Mtu ukimtazama paka akikaa unajua maana ya neno kukaa. Sisi wengine tunajitupa tu.

Siku tatu Mwanamize alivumilia. Siku ya nne jua lilikuwa kali mno, nyonga zikamshika, akaanguka. Majirani walimbeba hadi nyumbani hana fahamu, akalala na homa. Kwa haraka ile hakuna aliyekumbuka shuka yake, na hakuna aliyemkumbuka paka.

Wapo wanaosema Sitaki alibaki kwa uaminifu, kumlindia bibi yake mahali. Mimi nawapenda paka, lakini sisemi uongo kwa ajili yao. Nadhani alibaki kwa sababu jiwe lilikuwa na joto na shuka ilikuwa na harufu ya mwenyewe. Alibaki, basi, na kubaki ndiko kulikohitajika.

Kazi ya kubomoa alipewa Fundi Shebwana, na aliifanya kwa moyo mzito. Alianzia ukingoni, kwenye makaburi ambayo hata majina yake yalikuwa yamesahaulika, na kila jiwe alilong'oa aliliomba radhi kwanza. Kwa siku nne makaburi kumi na moja yalikuwa yamekwisha kuondoka. Siku ya tano asubuhi akafika penye kaburi la mawe manane. Alilikumbuka. Akatazama huku na huku akimtafuta Mwanamize, asimwone. Alimwona paka tu, amelala juu ya shuka.

"Hebu shuka, bwana," alisema Shebwana. Paka akafumbua jicho moja, akalifumba.

Msaidizi wake aliitwa Mbaruku, mtu wa mabega mapana na subira fupi. Aliinua mtaimbo. "Nimguse kidogo kwa ncha hii, fundi?"

"Usimguse, utamuumiza. Atashuka mwenyewe akiona chakula."

Shebwana alifungua chakula chake cha mchana, akatoa kipande cha kolekole wa kukaanga, akakiweka mchangani hatua mbili kutoka kaburini. Sitaki akakitazama. Akamtazama na Shebwana. Akageuza uso. Fundi akakisogeza karibu, paka akapiga miayo. Sasa, huyu Shebwana alikuwa mtu wa adabu mpaka adabu imemhamia mikononi. Aliweza kumnawisha mtu mikono huku akili yake ikiwa kwenye ukuta anaojenga. Alipoona mlaji hataki chakula cha chini, mikono ilifanya iliyozoea kufanya. Aliokota kile kipande, akakipangusa mchanga, akakitia ndani ya bakuli lenye maua ya buluu, akasema, "Karibu."

Sitaki aliinuka, akanusa, akala. Alikula taratibu, akaanzia nyama ya juu, akauacha mfupa safi, akalamba bakuli, kisha akalamba mkono wake na kujipangusa mdomo. Baada ya hapo alirudi kwenye shuka, akaketi.

Mbaruku aliuweka mtaimbo chini polepole. "Fundi."

"Naam."

"Umemkaribisha."

Shebwana alilitazama bakuli, akautazama mkono wake. "Sikukusudia."

"Ameketi barazani. Umemwandalia kwa chombo cha nyumba, umesema karibu, na amekula. Makusudio ya nini tena?"

Mji mwingine wowote, mwashi angejicheka, akamsukuma paka, akaendelea na kazi. Lakini hao walikuwa watu wa Kingwele. Shebwana aliketi mchangani akashika kichwa. Alikuwa amemfanya paka kuwa mgeni kwa mkono wake mwenyewe, na mgeni hanyanyuliwi. Mawe manane yalikuwa yamekaliwa.

Jumbe alipopelekewa habari alikuja mwenyewe, na kilemba chake na bakora yake, amekasirika. "Huyu ni paka!"

"Ndiyo, Jumbe," alijibu Shebwana.

"Paka si mgeni!"

"Hata mimi ningesema hivyo, Jumbe, kabla hajala."

Watu waliokuwa wameketi kwenye makaburi yao walianza kusogea kusikiliza. Jumbe aliwaona, akajua amebanwa. Wakwe zake walikuwa njiani. Neno likienda mbele kwamba huko Kingwele Jumbe mwenyewe ameondosha mgeni aliyelishwa, nani ataketi barazani kwake kwa amani? Nani atamleta mwanawe aoe katika nyumba kama hiyo? Alizungusha bakora mchangani, kisha akainua uso, na macho yalikuwa yamepata ujanja.

"Vyema," alisema. "Desturi ni desturi. Lakini wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni siku yake ya kwanza. Kesho kutwa mpeni jembe mbele ya watu wote. Akifanya kazi, ni mwenzetu, nami sina neno. Asipofanya, hana tena haki ya mgeni, na mawe ni yangu."

Hakuna aliyeweza kumpinga, maana alikuwa amesema kweli. Ndivyo methali inavyosema, na ndivyo walivyowafanyia hata binadamu; hata yule msafiri wa siku kumi na moja alipewa mkeka asuke pale pale alipoketi. Na kesho kutwa ilikuwa ndiyo siku ya saba, siku ya mwisho.

Jirani alimpelekea Mwanamize habari kitandani. Aligeukia ukutani akalia. "Paka ajulie wapi jembe?" alisema. "Mwanangu hana mtu. Miaka yote hii nimekwenda, na siku anayonihitaji ndiyo miguu inanikatalia." Hakula siku hiyo, wala siku iliyofuata.

Siku ya saba mji mzima ulikuwa makaburini. Mwanamize aliletwa juu ya kitanda cha kamba, watu wanne wamembeba, wakamweka karibu na kaburi la mwanawe. Sitaki alikuwa pale pale. Kwa siku mbili watu walikuwa wamemletea samaki kwenye bakuli kama ipasavyo mgeni, kwa hiyo alikuwa na manyoya yenye kung'aa na hali njema kuliko mtu yeyote aliyekuwapo. Fundi Shebwana alitoka mbele na kijembe kidogo cha kupalilia, akakilaza kando ya paka kwa heshima.

"Mgeni wetu," alisema, "siku mbili zimekwisha. Jembe hili hapa."

Sitaki alinusa mpini. Akausugulia shavu lake, upande mmoja kisha wa pili. Halafu akalaza kichwa juu ya mpini huo huo, akafumba macho.

Watu waliguna. Jumbe alingoja kidogo, kwa sababu ya haya, kisha akasema, "Mmeona wenyewe. Amepewa kazi, ameilalia. Fundi, mwondoshe." Akamgeukia Mwanamize, na hapo hakuwa na ukali. "Mama Saumu, usinione mbaya. Lenyewe ni kaburi dogo tu. Mawe manane."

"Manane, Jumbe," Mwanamize alisema. "Mwenyewe alikuwa mdogo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kitu kwa asiyejua, na hilo ndilo lililowaumiza watu. Hata mpiga mbiu aliinamisha kichwa. Shebwana alikuwa ameshainama kumnyanyua paka, akabaki ameinama vivyo hivyo, hawezi kumgusa wala kunyooka.

Ndipo Sitaki alipoamka. Alijinyoosha, mgongo juu, kisha miguu ya nyuma mmoja mmoja. Akashuka kaburini. Akapita kati ya miguu ya Shebwana na miguu ya Jumbe, nao wakampisha. Akayapita makaburi yote bila kugusa hata moja, akatoka nje ya ukuta mpaka penye mchanga mtupu kando ya njia, ambapo hapakuwa na mtu aliyezikwa. Akachagua mahali. Akaanza kuchimba.

Alichimba kwa mkono wa kulia, akachimba kwa wa kushoto, mchanga ukiruka nyuma yake. Akapima shimo kwa jicho, akaliongeza kina. Kisha akageuka, akachutama, akatazama mbali kwa utulivu mkubwa, akafanya haja yake mbele ya Jumbe na mji wote wa Kingwele. Akageuka tena, akanusa, akafukia. Akasawazisha. Akanusa mara ya pili, hakuridhika, akaongeza mchanga kidogo upande wa juu, akasawazisha tena mpaka usingeweza kujua palikuwa na shimo. Niambieni ni mnyama gani mwingine afanyaye hivyo? Mbuzi? Ng'ombe? Msinichekeshe.

Mbaruku aliunyooshea kidole mchanga uliosawazishwa. "Amelima," alisema.

"Hakulima," alisema Jumbe. "Amefanya... sisemi alichofanya."

Lakini Shebwana alikuwa amenyooka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa kamba. "Jumbe, mimi nimechimba makaburi miaka thelathini," alisema. "Kazi ya hapa ni kuchagua mahali pasipo na mtu, kuchimba, kuweka, kufukia na kusawazisha. Amezifanya zote, na kwa utaratibu. Mgeni kapewa jembe, naye kafanya kazi ya mahali alipokaa. Mimi sijui kazi nyingine ya makaburini zaidi ya hiyo."

Mtu mmoja nyuma alijizuia kucheka, akashindwa. Akafuata wa pili. Kicheko kikaenda kikizunguka ukuta mzima, na Jumbe akakaza midomo, akakaza, mpaka mabega yakaanza kutikisika, akacheka hata kilemba kikamwangukia masikioni. Na mtawala akishacheka namna hiyo mbele ya watu, hasira haina tena pa kupandia. Sitaki wakati huo alikuwa amekwisha kurudi. Aliruka juu ya kaburi la Saumu, akazunguka mara moja, akaketi. Mwanamize alinyoosha mkono kutoka kitandani, akamshika mguu wa mbele kwa vidole viwili, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Jumbe alifuta yake. Kisha akasema maneno ambayo watu wa hapa bado wanayatumia: "Huyu ni mtu wa mahali. Popote atakapoketi, pana mwenyewe. Pasiguswe."

Mji ulirudi nyumbani umeona haya. Walikuwa wamekaa siku saba kila mmoja akilinda babu yake, na hakuna aliyeinua macho kutazama makaburi ya wasio na watu yakiondoka. Alasiri ile ile walianza kurudi, huyu na paka kwapani, yule na paka kikapuni, na samaki mikononi. Waliwaweka kwenye makaburi yote yasiyo na ukoo, wakawaandalia kwenye mabakuli, wakasema karibu. Paka walitazama mahali, wakaona panafaa. Panya walikuwepo, jua lilikuwepo, na kelele za watoto zilikuwa mbali.

Mawe ya yale makaburi kumi na moja yalikuwa hayajatiwa tanurini, kwa hiyo Shebwana aliyarudisha. Lakini hakujua tena lipi ni la nani. Aliketi nayo siku mbili, kisha akayajenga yote pamoja kuwa baraza moja refu, lile mnaloliona pale ukingoni, la watu kumi na mmoja wasiojulikana. Ghorofa ya tatu ya Jumbe haikujengwa. Wakwe walifika wakaikuta nyumba ya ghorofa mbili, wakala pilau, harusi ikafungwa vizuri tu.

Mwanamize alipona, akaishi miaka miwili zaidi. Alipokufa walimzika ubavuni mwa Saumu. Hakuacha mtu wa damu yake hata mmoja. Kesho yake watu walipopita kutazama, walimkuta Sitaki amelala katikati, kichwa kwenye kaburi dogo na mkia kwenye kubwa.

Na tangu siku hiyo paka hukaa makaburini, nao hawaondoshwi. Ndiyo maana ukimwambia "shii" hashtuki: anangoja aone kama wewe ni wa hapa. Ndiyo maana fundi akija kupaka chokaa akakuta paka amelala, huweka ndoo chini, akala chakula chake cha mchana mapema, akangoja. Na ndiyo maana paka huchimba na kufukia na kusawazisha, popote alipo, hata akiwa kwa watu wasiojua habari za Kingwele. Ni kazi aliyopewa, na hajaiacha.

Lakini njooni huku niwaonyeshe kitu, kabla hatujaenda. Mnauona mnara huu mrefu, wenye mabakuli sita? Hili ndilo kaburi la Jumbe Makame. Alikuwa na watoto tisa. Walikwenda kwa wakwe, wakaenda mbele zaidi, wakajenga huko, wakazikwa huko. Mimi nakuja hapa tangu utotoni, na sijapata kumwona mtu wa damu yake akiketi kwenye kibaraza hiki. Alisema mwenyewe kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kaburi kubwa kuliko yote, na mawe yake yanatosha kujenga nyumba.

Mtazameni huyo wa rangi ya majivu aliyelala miguuni pake. Kabla yake alikuwapo mama yake, na kabla ya mama yake, bibi yake. Paka hawakuwahi kumwekea kinyongo. Hawajamwacha Jumbe peke yake hata siku moja.